Mwenge Angani, Kiberiti Mkononi Mwangu

Kwa miaka mingi ya utu uzima wangu sikuwasha kiberiti. Nyumbani kwangu kulikuwa na koili za umeme, birika la umeme na tochi katika kila chumba, na umeme ukikatika tulikula mkate na ndizi mbivu mpaka urudi. Mshumaa haukuruhusiwa kuvuka kizingiti. Leo napika kwa gesi, nakesha na majirani kwenye moto wa msibani, na baadhi ya Jumamosi husimama mbele ya wanafunzi wa shule za bweni nikiwa nimeshika mshumaa unaowaka. Wanaonijua tangu zamani huniuliza nimeombewa wapi. Namshukuru Mungu kwa yote, lakini nikiulizwa alipitia njia gani, nasema kweli: alipitia habari za mwenge wa Olimpiki kupelekwa anga za juu.

Nilikuwa kidato cha pili bweni letu lilipoungua. Sitasimulia usiku wote, ila mambo mawili lazima yajulikane. La kwanza, moto ulipanda. Ulianzia kwenye godoro la chini la kitanda cha deka, ukadaka chandarua, ukafika darini kabla waliolala upande wa pili hawajaelewa kelele zilikuwa za nini. La pili, mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, na ufunguo wake ulikuwa kwa mtu aliyelala jengo jingine. Tulitoka sote kwa mlango wa mbele, tukikanyagana, na tuliotoka mwisho tuna alama. Yangu iko mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi begani.

Kovu lilipona. Kilichobaki ni kwamba kila mwali niliouona, hata wa mshumaa wa keki, niliusubiri upande.

Na kuukwepa moto wa sherehe ukiwa Mtanzania si kazi ndogo. Mwenge wa Uhuru hukimbizwa kila mwaka, mkoa kwa mkoa, wilaya kwa wilaya, na unapolala pana mkesha, ngoma na hotuba. Mimi ni mhasibu katika ofisi ya umma, na sisi watumishi ndio wa kwanza kutarajiwa uwanjani. Kila mwaka nilikuwa na udhuru. Tarehe 13 Aprili 2008 mwenge wa Olimpiki, ukiwa njiani kwenda Beijing, ulipita Dar es Salaam, kituo pekee barani Afrika katika safari ile. Ulikimbizwa kutoka stesheni ya TAZARA hadi Uwanja wa Taifa. Ilikuwa Jumapili. Wenzangu walikwenda na watoto wao wakarudi na kofia na picha. Mimi nilishinda ndani na madirisha nimeyafunga.

Miaka ikapita hivyo, hadi kijana wangu wa mwisho alipofika kidato cha tatu na kujiunga na klabu ya sayansi ya shule yao. Mwalimu wao wa fizikia aliwapa swali moja la kulifanyia kazi muhula mzima: mwenge wa michezo upelekwe anga za juu ukiwa unawaka, mtafanyaje? Kila wazo lingekubaliwa, hata la ajabu kiasi gani, mradi mwenye wazo ajibu maswali matatu. Moto utapata wapi hewa? Joto na moshi vitakwenda wapi? Na watu walio karibu nao watatokea wapi?

Swali la tatu ndilo lililonifanya niweke chini kalamu na kusikiliza.

"Mama," akaniambia usiku mmoja umeme ukiwa umekatika, tochi imesimama katikati ya meza, "unajua Warusi waliutoa mwenge nje kabisa ya chombo, kwenye ombwe lenyewe? Lakini haukuwa unawaka."

Akanisomea. Tarehe 7 Novemba 2013 chombo cha Soyuz kiliruka kutoka Baikonur, Kazakhstan, kikiwa na Mrusi Mikhail Tyurin, Mmarekani Rick Mastracchio na Mjapani Koichi Wakata, pamoja na mwenge wa michezo ya majira ya baridi ya Sochi. Siku mbili baadaye Oleg Kotov na Sergey Ryazansky waliuchukua, wakavaa mavazi yao makubwa, wakatoka nao nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Waliufunga kamba usije ukaelea ukapotea. Wakapokezana, wakapiga picha, dunia ya buluu ikiwa chini yao, wakaurudisha ndani. Tarehe 11 Novemba ukashuka na wanaanga wengine kwenye mbuga za Kazakhstan, na Februari 2014 mwenge huohuo ukatumika kuwasha moto mkuu wa michezo pale Sochi. Haikuwa mara ya kwanza mwenge wa Olimpiki kufika huko juu. Wa Atlanta ulirushwa mwaka 1996 na wa Sydney mwaka 2000, yote katika vyombo vya Marekani, yote ikikaa ndani. Hakuna hata mmoja uliowashwa.

"Nje naelewa," nikamwambia. "Hakuna hewa. Lakini ndani iko. Mbona hawakuuwasha ndani?"

"Wanaogopa, mama."

Neno hilo lilinishika. Watu waliokubali kukaa juu ya roketi iliyojaa mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika, wakijua itawashwa chini yao, waliogopa mwenge wa mkono. Nilitaka kujua wanachokijua. Kijana alipolala nilibaki na simu, nikasoma mpaka betri ikakaribia kwisha.

Nilisoma habari za tarehe 27 Januari 1967, huko Florida. Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikuwa wamefungiwa ndani ya chombo cha Apollo kwa zoezi la majaribio. Roketi iliyokuwa chini yao haikuwa na mafuta, kwa hiyo zoezi halikuhesabiwa kuwa la hatari. Lakini ndani ya chombo palijazwa oksijeni tupu, kwa mgandamizo uliozidi ule wa hewa ya nje, na katika oksijeni tupu hata vitu vinavyoungua kwa shida hushika moto kwa kasi ya kutisha. Mahali fulani kwenye nyaya pakatokea cheche. Mlango ulikuwa wa kufungukia ndani. Moto ulipopasha hewa joto, mgandamizo uliongezeka na kuubana mlango ule kwenye fremu yake, na hakuna nguvu za binadamu ambazo zingeweza kuuvuta. Walikufa watatu. Baada ya hapo wahandisi walikaa chini wakabuni mlango mwingine, wa kufungukia nje, kwa sekunde chache, na mtu aliye ndani.

Nilisoma tena na tena hapo penye mlango. Nililia, na sikuwa nalia kwa ajili ya wale watatu peke yao. Tangu nikiwa na miaka kumi na kitu nilikuwa nimebeba hasira juu ya moto, kama vile moto ndio uliotia lile kufuli. Hapa palikuwa na watu wenye elimu yote na fedha zote, mlango ukawaua, na wenzao hawakuishia kwenye hofu. Walibadilisha mlango.

Nikasoma na habari za Mir, kituo cha Warusi, Februari 1997. Kifaa cha kuzalisha oksijeni kwa kemikali kilishika moto, na kwa kuwa kilikuwa kinajitengenezea oksijeni yake, hakikuzimika upesi. Moshi ulijaa. Ndani walikuwamo watu sita, na vyombo vya kutorokea vilikuwa viwili, kila kimoja viti vitatu. Moto ulisimama kwenye njia ya kwenda kwenye kimoja. Walipona wote, lakini kila anayepanga safari za angani tangu siku ile anajua maana ya hesabu hiyo: watu sita, njia ya watatu.

Asubuhi nilimwambia mwanangu nataka kusikia mawazo ya klabu, yote.

Mawazo hayawezi kueleweka bila kujua kwanza moto wenyewe unakuwaje huko, na hili nililiona kwa macho yangu. Mwali wa mshumaa una ncha kwa sababu ya uzito. Hewa iliyopashwa joto huwa nyepesi, hupanda; hewa baridi nzito huingia kwa chini kuchukua nafasi yake, ikileta oksijeni mpya; nayo hupashwa, hupanda. Mkondo huo ndio unaourefusha mwali, ndio unaobeba masizi yanayong'aa manjano, na ndio ulioupandisha moto wetu kutoka godoroni hadi kwenye chandarua. Mahali ambapo vitu havina uzito, hewa ya moto haina sababu ya kwenda juu, kwa kuwa hakuna juu. Inabaki pale ilipo. Oksijeni inaufikia utambi kwa kujipenyeza polepole kutoka pande zote. Basi mwali unakuwa tufe dogo, la buluu, hafifu, lisilorukia kitu. Mara nyingi hujizima lenyewe kwa kukosa hewa. Wanaanga waliwasha mishumaa ya majaribio ndani ya visanduku vilivyofungwa, katika chombo cha Marekani, Columbia, mwaka 1992 na baadaye Mir, na picha zinaonyesha hivyohivyo: kibonge cha mwanga wa buluu juu ya nta.

"Hata hapa nyumbani tunaweza kuuona," kijana akasema. "Kitu kinachoanguka huru hakina uzito mpaka kitue. Ila mama, lazima tuwashe mshumaa."

Sikujibu siku ile. Wala siku iliyofuata. Mwishowe nilimwambia amwite Mwalimu.

Mwalimu alikuja Jumapili mchana, kijana mpole wa umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho. Aliniamkia kwa heshima, akakaa, akakubali chai, na hakugusa begi lake mpaka nilipomwambia yuko huru. Alikuwa amekuja na ndoo ya mchanga. Sikumwomba, alikuja nayo mwenyewe, na kwa kitendo hicho nilimwamini. Tukapanga magodoro chini ya ngazi za ghorofa. Mshumaa mfupi uligandishwa juu ya kifuniko, ukafunikwa na kopo kubwa la plastiki linaloonyesha ndani, na simu kuukuu ikabanwa kando kwa selotepu, kamera yake ikiutazama utambi, imewekwa kurekodi ili picha zichezwe taratibu.

"Mama, ukipenda unaweza kukaa ndani, tutakuonyesha video," Mwalimu akasema.

Nilibaki nje. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unanichoma ngozini pale pale penye kovu, na nilijua hakuna kinachouchoma. Waliwasha, wakafunika, wakaachia. Kopo lilianguka chini ya sekunde moja, likatua godoroni bila kupasuka, na mshumaa ukazimika. Mwanangu akafungua simu, akairudisha nyuma picha, akaniletea.

Kwanza mwali ulikuwa wa kawaida, mrefu, wa manjano, unacheza. Mkono ulipoachia kopo, ncha yake ikashuka. Sijui kulisema vizuri zaidi ya hivyo: ilishuka, ikarudi ndani, manjano yakafifia, ukabaki mdogo, wa mviringo, wa buluu pembeni. Ukakaa hivyo. Halafu godoro, na giza.

Nilikuwa sijawahi kuuona moto ukiacha kupanda.

Nikawaomba warudie. Waliporudia, nilimwomba Mwalimu kiberiti, nikawasha mimi.

Siku ya mjadala wa klabu wazazi tulialikwa, nikaenda mapema nikakaa mbele. Walianza na mawazo mepesi. Mmoja alitaka mwenge uwekwe ndani ya ngoma inayozunguka ili mzunguko uutengenezee moto "chini" na "juu" ya bandia, uwe na ncha kama wa nyumbani. Mwingine akataka taa iliyofungwa, yenye feni ndogo ya kupuliza hewa taratibu. Hoja ya feni ina mashiko: mwaka 2016 Wamarekani walichoma kitambaa cha karibu mita moja ndani ya chombo cha mizigo cha Cygnus, bila mtu ndani, baada ya chombo hicho kuondoka kwenye kituo, na hewa ilisukumwa na feni. Ndiyo maana pia katika kituo cha anga moto ukihisiwa jambo mojawapo la kwanza ni kuzima mzunguko wa hewa. Ndugu wawili mapacha wakaichukua habari hiyo wakaipeleka mbali: mwenge uwashwe ndani ya chombo cha mizigo kisicho na watu, kisha chombo chenyewe kiachwe kishuke, kiungue hewani kama vinavyoungua vyombo vya aina hiyo, na watu walio chini yake wauone mwenge ukipasua anga kama kimondo. Watu walishangilia. Mimi sikulipenda wazo hilo. Mwenge wa michezo hupokezwa kutoka mkono hadi mkono, na ule haungekuwa na wa kuupokea.

Binti mmoja mwembamba, sauti ndogo, alisema kwamba Soyuz huwashwa kwa viberiti. Tulidhani anatania, naye hakuwa anatania. Kabla ya kuruka, fito za mbao zenye fataki huingizwa kwenye midomo ya injini za roketi, nazo ndizo huwasha mafuta. Basi, akasema, mkimbiaji wa mwisho aufikishe mwenge uwanjani pa kurukia, na moto wa Olimpiki ndio uwashe fataki hizo. Kutoka hapo roketi nzima ni mwenge. Ina mafuta ya taa, inabeba oksijeni yake, kwa hiyo moto wake huendelea kuwaka hata mahali pasipo na hewa. Akamalizia kwa kusema kwamba mwenge wa Sochi ulikwenda juu umezimwa, ukiwa umebebwa na moto mkubwa kuliko mwenge wowote, na hakuna aliyeuita moto ule kwa jina. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Halafu wakaja wale waliosema moto usibebwe kabisa. Mfano wao ni wa kweli, nao ndio uliozua ubishi mrefu kuliko yote. Mwaka 1976, kwa ajili ya michezo ya Montreal, moto ulipowasili Athens kifaa kiliutambua mwali na kuugeuza kuwa ishara za umeme. Ishara zikatumwa kwa setilaiti hadi Ottawa, Kanada. Huko mwale wa leza ukawasha moto mpya, wakimbiaji wakauchukua. Kwa namna hiyo moto wa Olimpiki ulipita angani miaka 37 kabla ya Kotov na Ryazansky. Baba mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti kwamba ni kweli, lakini ulikwenda kwenye michezo ambayo sisi hatukuwapo. Wazee wote ukumbini walijua anasema nini. Tanzania ilisusia Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu New Zealand ilikuwa imecheza raga na Afrika Kusini ya makaburu na ikaruhusiwa kushiriki. Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500 tangu mbio za Christchurch mwaka 1974, hakukimbia, na John Walker wa New Zealand akatwaa dhahabu. Na moto wenyewe, uliovuka bahari kwa setilaiti, ulizimwa uwanjani na mvua. Mtumishi mmoja akauwasha kwa kiberiti cha gesi, wakubwa wakaamuru uzimwe na uwashwe upya kutoka kwenye moto wa akiba uliotoka Olympia, Ugiriki.

Watoto waligawanyika. Je, uliofika Ottawa ni moto uleule? Mwanangu alisema hapana, ni taarifa za moto. Mwenzake akamjibu kwamba hata mwenge wa kawaida, gesi iliyowaka Ugiriki imekwisha kitambo. Kinachopokezwa tangu mwanzo ni kuwasha. Mimi nilikuwa upande wa mwenzake, na bado niko upande wake.

Wazo ambalo Mwalimu mwenyewe alilipenda lilitokana na jinsi moto unavyopatikana pale Olympia. Hauwashwi kwa kiberiti. Kioo chenye umbo la bakuli hukusanya miale ya jua mbele ya magofu ya hekalu la Hera, na mwenge hushika hapo. Kwa nini basi, waliuliza watoto wa kundi hilo, tubebe moto wa jua kwenda kulifuata jua? Pelekeni kioo peke yake. Tena kioo kikubwa kinaweza kurudisha mwanga chini. Februari 1993 Warusi walikunjua kutoka kwenye chombo cha Progress kioo cha plastiki nyembamba iliyopakwa alumini, upana wake mita 20, wakakiita Znamya. Kilitupa duara la mwanga la kilomita zipatazo tano, likapita mbio juu ya Ulaya usiku. Watoto wakachora mwanga kama ule ukipita juu ya Kilimanjaro, ambako Luteni Alexander Nyirenda aliusimamisha Mwenge wa Uhuru usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Hautawasha hata jani kavu, walikiri. Mwanga wake ni hafifu mno kwa hilo. Ungeonekana tu.

Hapo yule binti wa fito za mbao akanyoosha mkono tena. Akakumbusha kwamba mwaka 1959, akizungumza katika Baraza la Kutunga Sheria, Mwalimu Nyerere alisema watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya Kilimanjaro umulike hata nje ya mipaka, na katika hotuba hiyohiyo akasema kwamba sisi hatuwezi kurusha roketi mwezini, lakini tunaweza kutuma roketi za upendo na matumaini kwa binadamu wenzetu popote walipo. Kisha binti huyo akasema kwamba Uhuru umekwisha kufika angani. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, kazi yake ikiwa kutafuta miale ya eksirei kutoka kwenye nyota na gesi zenye joto la mamilioni ya nyuzi. Waliipa jina la Kiswahili, Uhuru. Ukumbi ulitulia. Mimi nimeishi Tanzania maisha yangu yote na sikuwa najua hilo.

Mwishoni Mwalimu aliuliza kama mzazi yeyote ana wazo. Sikuwa nimepanga kusimama. Nilisema kwamba mimi ningetaka moto upelekwe kama utakavyokuwa huko, bila feni wala ngoma ya kuulazimisha uwe na ncha. Taa ndogo iliyofungwa, kioo kinene, hewa ya kuutosha kwa muda wa kuonekana na njia ya kuukatia hewa hiyo ukizidi. Mwali wa duara, wa buluu, na kamera moja. Nikasema uonyeshwe duniani kote kwenye sherehe za ufunguzi, kwa sababu kuna watu wengi, tena watoto, ambao moto wameujua kwa sura moja tu. Nikavuta juu mkono wa blauzi yangu, nikawaonyesha kwa nini nasema hivyo. Nikawaeleza habari za mlango wa Apollo na za mlango wa bweni letu.

Sauti yangu ilitetemeka mpaka mwisho. Mwanangu alikuwa ananitazama. Alikuwa amelijua kovu maisha yake yote, lakini habari za kufuli alikuwa hajawahi kuzisikia.

Kutoka siku ile mambo yalikwenda hatua kwa hatua, na mengine yalichukua muda. Gesi niliiingiza jikoni baada ya fundi kunionyesha jinsi ya kufunga mtungi na kupima uvujaji kwa povu la sabuni, na mwanzoni nilipika mlango ukiwa wazi. Mwenge wa Uhuru ulipofika wilayani kwetu, nilikwenda na ofisi yangu kwenye mkesha. Nilisimama mbali kiasi, upande upepo unakotoka, na nilikuwa najua kwa nini nimesimama upande huo. Mwili bado hushtuka nikinusa plastiki inaungua. Sidhani kama hilo litaondoka, na sasa silidai liondoke; pua hiyo imewahi kumwokoa jirani yangu na pasi aliyoisahau.

Lakini kubwa ni klabu. Mwalimu aliniomba niende nao shule moja ya bweni kuonyesha jaribio la kopo, nikaenda, na tangu hapo tumekuwa tukienda kadiri shule zinavyotukaribisha. Tunaanza na mwenge wa Sochi, kwa sababu watoto hufungua macho wakisikia habari za anga. Tunaangusha kopo. Tunawaonyesha tufe la buluu. Halafu tunawauliza yale maswali matatu, safari hii juu ya bweni lao wenyewe, na la tatu tunalijibu kwa miguu: tunatembea nao hadi mlango wa nyuma. Tunamwomba mlezi wa bweni aufungue. Mahali pengine hufunguka mara moja. Mahali pengine tunasubiri ufunguo utafutwe, na watoto wote wanasubiri pamoja nasi, kimya, wakihesabu kwa saa ya ukutani, na hapo hakuna haja ya mimi kusema chochote kwa mwalimu mkuu.

Shule tuliyoitembelea mwisho ilikuwa na madirisha yenye nondo na mlango wa pili unaofungukia ndani, umezibwa na makabati. Wiki mbili baadaye mwalimu mkuu alinipigia. Makabati yameondolewa, bawaba zimehamishwa, mlango sasa unafungukia nje, na nondo za madirisha mawili zimewekewa fremu ya kufunguka. Alitaka kujua kama yale makomeo yanayosukumwa kwa mwili, yasiyohitaji ufunguo kwa aliye ndani, yanapatikana Kariakoo au lazima yaagizwe. Nilimwambia yanapatikana, nikampa namba ya fundi.